Taa Iliyobaki Kijani

Haya alinisimulia Samwiri mwenyewe, Jumatatu ya Pasaka ya mwaka wa tisini, sebuleni kwake Hagsätra, kitongoji cha Stockholm. Leokadia alikuwepo, akimkatiza kila alipojisifu. Nayaandika kama nilivyoyapokea kwao wote wawili.

Samwiri alikuwa inspekta wa polisi Jinja, Uganda, kabla ya kuikimbia nchi. Huku Uswidi hakuwa na cheo wala kofia. Chama cha wafanyakazi kilimpa kazi ya kupeleleza mashauri ya watu wanaotishiwa kufukuzwa kazini, basi akawa anazunguka na mkoba wake na penseli zake tatu. Watu wa kwetu waliendelea kumwita Inspekta, naye hakuwakataza.

Ijumaa moja ya Juni, mwaka 1988, alishuka treni kituo cha Flemingsberg saa mbili asubuhi. Leokadia alikuwa anamngoja nje ya ghala la baridi, lile lililotunza chanjo na dawa za hospitali. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, umri wake miaka thelathini na moja, na kazi yake ilikuwa kulinda vyumba vya baridi. Jua lilikuwa limeshawaka, lakini yeye alikuwa bado na koti zito la kazini, kama mtu aliyesahau kwamba ametoka ndani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu. Ila tangu Jumapili sijafumba jicho, na mtoto naye ana homa."

"Pole. Sasa lete maneno yako yote, usipambe. Kupima ni kazi yangu."

"Kiswahili chako hicho cha kambi ya polisi, baba! Mtu anaweza kukiri kosa asilolitenda."

"Ndiyo kazi yake. Sema."

Akasema. Jumapili alikuwa zamu peke yake, tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kila saa alivizungukia vyumba sita, akasoma kipimajoto cha kila mlango, akarudi kwenye kompyuta iliyokuwa mwisho wa korido na kukiandikia kila chumba mstari mmoja. Saa tano joto la chumba cha nne lilianza kupanda. Akaandika. Saa sita likapanda tena. Akaandika. Saa saba, vivyo hivyo. Fundi hakuja. Baada ya saa tisa Jumapili hakuna zamu, na asubuhi ya Jumatatu maboksi mia tisa ya chanjo za watoto yalikutwa yameharibika.

"Kwa nini hukumpigia fundi simu?"

"Tumekatazwa tangu Aprili, tangu waweke taa. Karatasi iko ukutani, baba, ukasome mwenyewe. Andika kwenye kompyuta, eleza hali ya chumba, taa itamwita fundi."

"Na taa uliiona imewaka rangi gani?"

"Nitaionea wapi? Taa iko juu kwa fundi, na nyingine kwa bwana mkubwa. Huko mimi sipandi."

Samwiri aliandika. Leokadia akashusha sauti. "Agosti naanza shule ya uuguzi. Nimeshakubaliwa. Bwana Wiklund amesema leo saa nane ananifukuza, na shule ataiandikia kwamba nimeharibu dawa kwa uzembe. Mtu wa namna hiyo, nani atampa sindano ashike?"

"Saa nane bado," Samwiri akasema, akatangulia mlangoni.

Birger Wiklund, mkuu wa ghala, alikuwa mtu wa sauti ya chini na meza tupu. Nyuma ya kiti chake ulitundikwa ubao wa taa, vyumba sita, kila chumba taa tatu. Alimweleza Samwiri kwa fahari kidogo, maana ubao ulikuwa mpya. Walinzi wanaandika, mistari inaingia kwenye faili, na kila baada ya dakika tano programu inalipitia faili na kuchagua rangi. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu kengele inalia na fundi anashuka mbio.

"Na Jumapili?"

"Jumapili nzima, kijani. Fundi alikuwa amekaa chini ya ubao wake, hakubandua jicho." Wiklund akafungua droo, akatoa karatasi ndefu yenye matundu pembeni. "Hii ndiyo orodha ya rangi, imechapwa na programu yenyewe. Chumba cha nne, saa tano: OK, kijani. Saa sita: OK, kijani. Saa saba: OK, kijani. Jina lake liko kwenye kila mstari. Yeye anasema aliandika hatari. Nimwamini nani, yeye au mkono wake mwenyewe?"

Samwiri aliipitishia kidole orodha ile kuanzia juu hadi chini. Chumba, saa, jina, OK, rangi. Chumba, saa, jina, OK, rangi. Akaikunja.

"Nataka kuviona vyumba," akasema.

Waliingia watatu, yeye, Wiklund na Leokadia, pumzi zao zikitoka kama moshi wa kuni mbichi. Chumba cha nne kilikuwa kitupu, kimeoshwa. Samwiri hakukaa humo. Aliingia vyumba vingine kimoja kimoja, na alipofika chumba cha pili akasimama mbele ya rafu ya mwisho. Palikuwa na maboksi yamepangwa vizuri, lebo zote zikitazama mbele, na kila lebo ilikuwa na namba nne.

Akayahesabu. Arobaini.

"Uzembe mwingine huo," Wiklund akasema. "Huchanganya mizigo."

"Mzembe hageuzi lebo zitazame mbele," Samwiri akajibu. "Binti, haya yamefikaje hapa?"

"Niliyahamisha mimi, saa saba. Nilitaka kuyahamisha yote, baba. Nilipofika arobaini mgongo ukakataa."

Wiklund akageuka polepole. Aliongea kwa sauti ileile ya chini, lakini sasa ilikuwa na ncha. "Kwa hiyo ulijua. Saa saba ulijua chumba kina joto, ukabeba maboksi, kisha ukaenda kuandika OK. Bwana Samwiri, asubuhi nilidhani nina mzembe. Sasa nina mwongo. Ahsante kwa kunisaidia."

Leokadia alimtazama Samwiri. Samwiri alinisimulia kwamba katika miaka yote ya upolisi, jicho lile ndilo lililomchoma zaidi, maana kamba aliyoivuta yeye ndiyo iliyokaza shingoni mwa mteja wake.

Lakini hakuiachia. Alitoka koridoni akafikiri kwa mpango, kama alivyofundishwa. Mtu anayeficha habari habebi maboksi arobaini hadi mgongo ukatae, halafu akayaacha yenye lebo ya kumsaliti. Alijua, na alitaka ijulikane. Basi, ama aliandika na mtu akabadilisha, ama aliandika na orodha haionyeshi yote.

Akaanza na mtu. Aliomba daftari la mlangoni. Jumapili waliingia watatu tu: fundi, Leokadia, na kijana wa kompyuta aitwaye Gitau, aliyeingia saa tano kasorobo na kutoka saa saba kasorobo. Saa zilezile.

"Huyu Gitau kazi yake nini?" aliuliza.

"Ndiye aliyeiandika programu ya taa," Leokadia akasema. "Mkenya. Mtu mzuri, ila hujisikia."

Chumba cha kompyuta kilikuwa ghorofa ya chini, kikivuma kama kinu cha kusaga. Gitau alikuwa na tai na miwani, na kahawa iliyopoa. Alimsikiliza Samwiri akiwa amekunja mikono.

"Mzee, mashine haina chuki na mtu. Inasoma ilichoandikiwa. Huyo mama aliandika OK."

"Nataka kuliona faili lenyewe, si orodha."

"Liko kwenye utepe ule pale." Akaonyesha gurudumu kubwa nyuma ya kioo. "Na uharakishe, maana saa sita kamili wiki mpya inaandikwa juu yake. Inajiendesha yenyewe."

"Izuie."

"Bila sahihi ya Wiklund siwezi."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na robo. Samwiri akavuta kiti, akaketi karibu mno, magoti yakikaribia kugusana, kama alivyokuwa akiketi Jinja.

"Jumapili ulikuja hapa kufanya nini?"

Gitau akacheka kidogo. "Kazi."

"Kazi gani?"

"Kuangalia programu."

"Uliigusa?"

"Hapana! Sikuigusa."

"Saa mbili nzima uliitazama tu kama mchumba?"

Leokadia, aliyesimama mlangoni, akaziba mdomo. Gitau akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Jicho lake lilikimbilia simu iliyokuwa mezani, likarudi. Samwiri alilifuata jicho lile.

"Ulimpigia nani?"

"Mzee, hili usiliandike, tafadhali."

Samwiri akaiweka penseli chini.

"Nilimpigia mama. Nyeri. Jumapili hakuna mtu anayeulizia simu ya hapa. Si unajua kwetu, kuunganishwa peke yake ni saa nzima, halafu mpaka mtu atumwe kumwita."

"Kila mshukiwa ana mama wa kumpigia. Alisemaje? Neno kwa neno, nami nitajua kama unatunga."

"Alisema..." Gitau akafumba macho kukumbuka. "Alisema, 'Hatujambo, sisi sote wazima, mvua imenyesha vizuri, ng'ombe amezaa, ila mimi nimevunjika mguu.'"

Chumba kikavuma. Samwiri alikuwa ameshaiinua penseli tena, lakini haikugusa karatasi.

"Rudia."

"Nimevunjika mguu. Yaani yeye, mama."

"La. Rudia tangu mwanzo."

"Hatujambo, sisi sote wazima..."

"Mguu umevunjika, naye anaanza na hatujambo?"

"Sasa mzee, angeanzaje? Anitupie habari ya mguu kabla ya salamu? Ni mama."

Samwiri akasimama. "Programu yako inasoma nini kwenye mstari wa mlinzi? Mstari wote?"

"Mashine hii ni ya polepole, haiwezi kusoma yote kila dakika tano. Inasoma neno la kwanza baada ya namba ya chumba. Likiwa OK ni kijani. Likiwa FEL, yaani kosa, ni nyekundu. Mswidi huanza na kosa lenyewe, maelezo baadaye."

"Na orodha yako ya rangi?"

"Inachapa lile lililosomwa." Gitau alianza kupunguza mwendo wa maneno. "Neno la kwanza tu."

"Kama programu yako ingesikiliza simu ya mama yako, kijana, ingewasha taa gani?"

Gitau akageukia kioo, akatazama utepe.

"Kijani," akasema.

Kisha akaruka. Sijui kama umewahi kumwona mtu mwenye tai akiruka kiti. Akakaa kwenye kibodi, akagonga, akakosea, akatukana kwa Kikuyu, akagonga tena. Utepe ukaanza kuzunguka kurudi nyuma, na ulikuwa mzito kama ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Saa sita kasoro ishirini. Kasoro kumi na tatu. Leokadia alikuwa amesogea hadi nyuma ya kiti, mikono ndani ya koti.

"Jumapili hii hapa," Gitau akasema. "Nachapa mistari mizima."

Mashine ya kuchapa ikalia. Samwiri aliinama juu ya karatasi ikiwa bado inatoka, akasoma Kiswidi cha Leokadia.

Saa tano: *OK, ahsanteni. Lakini chumba cha nne kimefika nyuzi tisa, naona kinapanda.*

Saa sita: *OK hapa, mimi ni mzima. Lakini chumba cha nne nyuzi kumi na moja. Tafadhali mje.*

Saa saba: *OK. Lakini chumba cha nne nyuzi kumi na nne. Nimehamisha maboksi arobaini chumba cha pili. Nawaomba sana mje.*

Leokadia alisoma mstari wa mwisho mara mbili, akatikisa kichwa. "Ndiyo haya. Niliwaomba. Mbona niliwaomba."

"Ulimwomba mtu asiyesoma hadi mwisho," Samwiri akasema. "Gitau, tafuta mengine. Wiki hii yote, OK lenye 'lakini' nyuma yake."

"Zimebaki dakika nne, mzee!"

"Basi usizimalize kwa kuniambia."

Ulitoka mstari mmoja zaidi. Ulikuwa wa jana, Alhamisi, umeandikwa na Eseza, Mganda wa zamu ya jioni. Mashine ilikuwa bado inauchapa mkia wake pale utepe uliposimama wenyewe, ukajirudisha mwanzo, na kuanza kumeza wiki mpya. Samwiri akairarua karatasi taratibu kwenye matundu yake, akausoma mstari wa Eseza, akaukunja ndani ya mfuko wa shati bila kumwonyesha mtu.

"Kuhusu ile simu," Gitau akasema chinichini.

"Simu gani?" Samwiri akauliza.

Saa nane waliketi mezani kwa Wiklund. Barua ya kumfukuza Leokadia ilikuwa tayari, kalamu juu yake. Samwiri aliiweka ile karatasi ndefu juu ya barua, na Gitau akaeleza, uso ukimwiva. Alisema kosa ni lake. Wiklund alisoma mistari mitatu. Alisoma tena.

"Mligunduaje?" akauliza.

"Mama yake Gitau alitusaidia," Samwiri akasema.

"Mama yake? Yuko wapi?"

"Mbali."

Wiklund aliliacha hilo. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake, lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Hata hivyo, angeanza na neno FEL. Wote wanajua."

"Nianze kumkaripia mtu kabla ya kumwamkia?" Leokadia akasema. Ndiyo mara ya kwanza aliyoongea mbele ya Wiklund bila kuulizwa. "Nyumbani hata barua ya msiba huanza kwa salamu. Karatasi yako ya ukutani imesema niandike na nieleze. Nikaandika, nikaeleza. Nani aliniambia kwamba maelezo hayasomwi?"

"Hilo lilikuwa tukio moja," Wiklund akasema. "Siwezi kuubadili mfumo mzima kwa ajili ya desturi ya mtu mmoja."

Samwiri alikuwa anangoja hapo. "Taa ya chumba cha sita, bwana, ina rangi gani sasa hivi?"

Wiklund aligeuka kuutazama ubao. "Kijani."

"Twende."

Walishuka wote wanne. Mlango wa chumba cha sita ulionekana umefungwa. Samwiri aliingiza vidole vinne kati ya mlango na fremu, vikapita. Mpira wa ukingo ulikuwa umepasuka kuanzia bawaba hadi chini. Kipimajoto kilisoma saba na nusu, na mwisho wa salama ni nane. Ndani mlikuwa na dawa za wagonjwa wa sukari, rafu hadi dari.

Hapo ndipo alipoutoa ule mstari wa Eseza, akausoma kwa sauti: *OK, jioni njema. Lakini mlango wa chumba cha sita haushiki, mpira umechanika.*

Wiklund aliweka kiganja kwenye ufa, akaacha ubaridi umpite vidoleni. Kisha akaiendea simu ya korido, ile iliyokatazwa, akampigia fundi mwenyewe. Fundi alishuka na mkanda na mpira mpya, na Leokadia, bila kuagizwa, alimshikilia mlango.

Barua ya kumfukuza ilichanwa. Lakini Samwiri alikuwa na swali moja lililobaki.

"Na barua ya shule ya uuguzi?"

Masikio ya Wiklund yakawa mekundu. "Nilipoingia kazini asubuhi... niliitia posta."

"Kabla ya kikao?"

"Nilikuwa na hakika."

"Posta gani?"

Ilikuwa ndani ya sanduku la njano karibu na kituo cha treni, na juu yake imeandikwa kwamba hufunguliwa saa kumi na moja jioni. Basi wakasimama hapo watatu kwenye jua, Wiklund na suti yake, Samwiri na mkoba wake, na Leokadia, aliyekuwa hatimaye amelivua koti. Wanafunzi na manesi wa hospitali kuu waliwapita wakiwageukia. Wiklund alisema mara mbili kwamba anaweza kuipigia shule Jumatatu. Samwiri akamjibu mara mbili kwamba Jumatatu itakuwa imeshasomwa.

Mwanamke wa posta alipofika na funguo, aliwasikiliza, akataka kitambulisho, akataka aelezwe bahasha ilivyo, akamwandikisha Wiklund mstari mmoja aulinganishe na mwandiko wa bahasha. Wiklund aliipokea barua yake, akampa Leokadia. Leokadia hakuifungua. Aliichana vipande vinne, akavitia ndani ya mkoba wake mwenyewe.

"Kwaheri, bwana," akamwambia. "Jumatatu nina zamu ya asubuhi."

"Jumatatu," Wiklund akasema.

Gitau alibaki kazini hadi jioni, akaibadili programu isome namba kwanza: nyuzi zikizidi nane, taa iwe nyekundu, mtu aamkie atakavyo. Kurudi kwake alisinzia kwenye treni, akapitilizwa hadi mji wa Södertälje, akalala kwa rafiki.

Samwiri alifika Hagsätra, akala, akaandika ripoti yake. Saa tatu usiku, jua la kiangazi cha huko likiwa bado dirishani, alipiga simu Bredäng, nyumbani kwa Leokadia, amwambie kwamba chama kimeshaipokea nakala ya mistari, hakuna wa kuirudisha kesi tena. Mtoto ndiye aliyepokea.

"Niitie mama."

"Mamma sover," mtoto akasema.

Analala. Amekaa kwenye kochi, mtoto akaeleza, akachanganya lugha zote mbili. Amelala na viatu, mdomo wazi, na hata televisheni haimwamshi.

"Na wewe homa?"

"Imekwisha."

"Basi zima televisheni, mfunike, nawe ukalale."

Alingoja amsikie mtoto akiiweka simu chini. Kisha akavuta pazia zito juu ya jua la Juni, akavua saa ya mkononi, akalala.